Fungate Iliyotoka Nje: Matembezi ya Wanandoa Vijana Si Anasa

Neno fungate lina historia inayostahili kutazamwa upya na kila mwanafunzi wa Kiswahili. Asili yake ni saba. Katika miji ya pwani, fungate ilikuwa ni zile siku saba baada ya arusi ambazo bwana na bibi arusi walikaa ndani, wakaletewa vyakula, wakafukiziwa udi, na wala hawakutarajiwa kuonekana barabarani. Siku hizi mtu akisema kwamba fulani na mkewe wamekwenda fungate, msikilizaji huwaza kituo cha treni, uwanja wa ndege, hoteli ya ufuoni na picha zitakazotumwa kwa simu kabla ya jua kuchwa. Neno ni lile lile, ila limetoka nje ya nyumba. Lilikuwa neno la kukaa, likawa neno la kwenda.

Wapo wazee, na hata baadhi ya vijana wenye fikra za uzee, wanaoyaona mageuzi haya kuwa dalili ya kupotoka. Kwao, bwana na bibi wanaofuatana kwenda kutazama twiga au kuogelea baharini wamewaiga Wazungu, wanapoteza fedha, tena wanajianika mbele ya watu mapenzi ambayo mahali pake ni chumbani. Hoja hiyo haina mashiko. Kasoro ya wanandoa vijana wa Kenya ya leo si kwamba wanatembea mno. Kasoro ni kwamba matembezi yao huanza na kuishia kwenye fungate. Kamati ya arusi hukutana miezi minne, michango hukusanywa kwa M-Pesa, kisha sehemu kubwa ya jasho hilo humwagwa ndani ya siku tatu za Diani au Naivasha. Baada ya hapo, mume na mke hawatoki tena pamoja isipokuwa kwa mazishi, kwa arusi za watu wengine, na kwa ile safari ya Desemba.

Safari ya Desemba yafaa kutazamwa kwa makini kwa kuwa ndiyo inayotajwa kila mara kama ithibati kwamba familia za Kenya husafiri. Ni kweli zinasafiri. Mwezi huo ukifika katikati, stesheni za mabasi jijini Nairobi hujaa magunia, magodoro na watoto wanaolia, nauli hupanda mara mbili au zaidi, na mji mzima huonekana kana kwamba umepewa amri ya kuhama kwenda ushago. Lakini tazama kinachotokea basi likishawasili. Mke huingia jikoni kwa mama mkwe asubuhi ya kwanza, na hatoki humo mpaka siku ya kurudi. Kuni, maji, sufuria za chai ya watu 30, chapati zisizokwisha. Mume naye hupotelea kwa wanarika wake, mbuzi akachinjwa, hadithi zikapigwa hadi usiku wa manane. Wawili hao walitoka pamoja na watarudi pamoja, nao kwa hakika walionana ndani ya basi tu. Huo ni wajibu wa ukoo, wajibu mwema na wa lazima, na asiyeutimiza alaumiwe. Kuuita mapumziko ya wanandoa, hata hivyo, ni kumtania yule aliyekanda unga wa chapati zile.

Fasihi ya Kiswahili, ikiulizwa kuhusu suala hili, ina machache ya kujibu. Mwana Kupona, katika utendi wake wa mwaka wa 1858 au karibu na hapo, alimwusia bintiye jinsi ya kuishi na mume, na miongoni mwa nasaha zake ni kwamba mke asitoke ila kwa idhini, tena akitoka asikawie kurudi. Safari, kwa upande wa pili, zilikuwa milki ya wanaume. Mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli, uliotolewa na Carl Velten mwaka wa 1901, una masimulizi ya Waswahili waliokwenda mbali kupita wengi wa wasomaji wa leo. Mmoja wao, Salim bin Abakari, alifika Urusi na Siberia. Hao walikwenda kama wapagazi, wafanyabiashara au wasaidizi wa mabwana wa Kizungu. Wake zao walibaki nyuma, na kuhusu kubaki huko hakuna aliyewauliza.

Karne ya 20 haikubadilisha mambo sana. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, mke na binti hufungiwa ndani na mume aliye huru kuzurura atakavyo, na mlango huo uliofungwa ndio chanzo cha msiba wote. Katika Siku Njema ya Ken Walibora, Kongowea husafiri sana, kutoka Tanga hadi bara ya Kenya, lakini ni safari ya mtoto anayemtafuta baba. Mtahini akiwauliza wanafunzi wa mwaka wa tatu wataje riwaya moja ya Kiswahili ambamo mume na mke wanapakia chakula kwenye kikapu, wanawashika watoto mikono, wanakwenda mahali kwa ajili ya kufurahi tu, kisha wanarudi salama bila mtu kufa, kutekwa au kugundua hawara, chumba kitanyamaza. Ndoa katika riwaya hizo ni uwanja wa vita au ni kaburi. Waandishi wana haki ya kuandika maovu, kwani maovu yapo. Hata hivyo, kijana aliyelelewa kwa riwaya hizo kuanzia kidato cha tatu huingia katika ndoa akijua aina 20 za jinsi inavyovunjika, na asijue hata moja ya jinsi inavyopumzika.

Ajabu ni kwamba lugha yenyewe haina upungufu huo. Kamusi zina neno mandari, yaani matembezi ya kwenda mahali pazuri, mbali kidogo na nyumbani, watu wakapika au wakala huko na kuburudika. Ni neno zuri, linatamkika kwa urahisi, na karibu kila mwanafunzi analijua kwa ajili ya mtihani peke yake. Watu wa Mombasa hawakungoja waletewe desturi hii na mtu. Jioni za Jumamosi na Jumapili, familia huteremka mpaka ufuo wa Mama Ngina, karibu na kivuko cha Likoni, zikakaa zikitazama meli zikiingia bandarini. Mihogo huchomwa juu ya makaa, ikapasuliwa, ikapakwa pilipili na ndimu, madafu hufunuliwa, watoto hukimbizana, bwana na bibi huketi ubavu kwa ubavu wakila kutoka katika karatasi moja. Mahali hapo palijengwa upya mwaka wa 2019, pakawekwa viti na njia za kutembelea, lakini mazoea yenyewe ni ya tangu hapo, na gharama yake haizidi ya chakula cha jioni nyumbani. Anayedai kwamba kutembea na mke ni uzungu, na aende akasimame hapo saa kumi na moja jioni.

Wala si pwani tu. Kule Seme, kando ya barabara itokayo Kisumu kwenda Bondo, kuna miamba mikubwa iliyopandana iitwayo Kit-Mikayi, maana yake kwa Kijaluo ikiwa ni jiwe la mke wa kwanza. Husimuliwa kwamba palikuwa na mzee aliyeipenda miamba hiyo hata akawa anashinda hapo kutwa, na mkewe akalazimika kumpelekea chakula. Alipoulizwa mumewe yuko wapi, mama huyo alijibu kwamba yuko kwa mke wake wa kwanza. Wageni wanaopelekwa hapo hucheka wakisikia kisa hicho. Kingekuwa kisa cha kuchekesha kweli kama kisingekuwa cha kila siku. Mzee yule alikuwa na mahali pake pa kuburudikia, mkewe akawa mpishi wa mahali hapo. Wangapi leo, mwisho wa juma, wana jiwe lao: kibanda cha kutazamia mpira wa Uingereza, klabu, meza ya bao, gari linaloendeshwa kwenda kuoshwa kwa saa tano? Na mke naye hujitengea lake, chama cha akina mama cha Jumapili alasiri. Kila mmoja ana haki ya marafiki. Lakini nyumba ambayo kila mtu ana jiwe na hakuna jiwe la wote wawili huwa nyumba ya wapangaji wenye kitanda kimoja.

Hapa ndipo suala la uraibu linapoingia. Walimu wa shule za upili huwafundisha wanafunzi kwamba uraibu ni kile mtu apendacho kufanya wakati wa faragha, na insha nyingi zimeandikwa juu ya uraibu wa kusoma magazeti na kuogelea, hata na watoto ambao hawajawahi kuona kidimbwi. Neno lenyewe lina kivuli. Awali lilihusu mazoea kama ya tambuu na tumbaku, na siku hizi vyombo vya habari hulitumia zaidi kwa dawa za kulevya. Pengine kivuli hicho kina jambo la kufundisha. Uraibu wa mtu mmoja hummeza. Huanza kama burudani, ukaishia kuwa kuta. Uraibu wa wawili ni vigumu zaidi kuwa jela, kwa kuwa daima kuna mtu wa kusema yatosha, turudi nyumbani.

Nao uraibu wa wawili haudai utajiri. Wapo wanandoa wanaoimba sauti mbili tofauti katika kwaya moja, na mazoezi ya Jumatano ndiyo miadi yao ya kila juma. Wapo waliojiunga na makundi ya kupanda milima, wakaanzia Ngong, wakaenda Longonot ambako ukifika ukingoni mwa kreta, mita 2,776 juu ya usawa wa bahari kwenye kilele chake, huna pumzi ya kugombana na mtu. Wapo wanaokwenda Hell's Gate karibu na Naivasha, mojawapo ya mbuga chache nchini zinazoruhusu watu kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli kati ya punda milia na twiga. Baiskeli za kukodi hupatikana langoni. Atakayemwona mhasibu wa miaka 30, mwenye tai siku tano kwa juma, akimsukuma mkewe kwenye baiskeli iliyokatika mnyororo huku wote wawili wakicheka mpaka machozi, hatahitaji makala ya kumshawishi.

Kuhusu gharama, pingamizi hili ni zito na halifai kupuuzwa. Mwalimu kijana na muuguzi kijana, wenye mtoto mmoja na mkopo mmoja, hubeba pia karo za wadogo zao pande zote mbili. Simu hulia mwisho wa mwezi kabla mshahara haujaingia. Katika hali hiyo, kumwambia mama kwamba wanakwenda Mombasa siku mbili ni kujiletea swali ambalo halina jibu: na paa la nyumba yangu je? Mama hana kosa kuuliza. Kosa ni la wawili wasiokaa chini mapema wakaamua kiasi cha paa na kiasi chao wenyewe. Asiyejitengea chochote hatoi kwa moyo mkunjufu. Hutoa kwa kinyongo, na kinyongo hicho hatimaye humwangukia yule aliyelala naye.

Isitoshe, gharama nyingi zinazohofiwa ni za kudhaniwa. Raia hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni katika mbuga za taifa, na hiyo ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka wa 1946, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 117, ipo mlangoni pa jiji. Wapo wakazi wa Lang'ata na Rongai wanaopita kando ya ua wake kila siku ya kazi kwa miaka kumi wasiingie hata mara moja. Msitu wa Karura, wenye takriban hekta 1,000, una njia za kutembea, maporomoko ya maji na mapango. Msitu huo haukubaki hapo kwa bahati. Mwezi wa Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti ili kuzuia ardhi hiyo isigawiwe watu binafsi, kama vile miaka kumi kabla, 1989, alivyosimama kidete dhidi ya jumba la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa Uhuru Park. Alivuja damu ili wakazi wa Nairobi wapate mahali pa kutembea. Kutotembea humo ni utovu wa shukrani wa aina yake.

Kuna pia suala la siku zenyewe. Sheria ya Ajira ya 2007 humhakikishia mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi za likizo yenye malipo kila mwaka. Wengi huzitumia moja moja: leo mazishi, kesho benki, keshokutwa mtoto kaugua. Wapo pia ambao waajiri wao wamewapanga kaunti mbili tofauti, mume Turkana na mke Murang'a, na kwao likizo yote ni ya kuonana tu, seuze kutembea. Hao wana madai halali dhidi ya wanaopanga uhamisho kana kwamba ndoa ni jambo la pembeni. Lakini wale waishio chini ya paa moja wamkosoe nani?

Sharti jambo moja lisemwe waziwazi, kwa kuwa wanaosifu matembezi ya familia aghalabu hulisahau. Mandari yanaweza kuwa jiko lililohamishiwa nje. Mke huamka saa kumi alfajiri kukaanga kuku na kufunga vitambaa, humbeba mtoto mgongoni, huwaosha watoto mikono, hugawa chakula, hukusanya vyombo, na jioni mume hujinyosha akisema siku ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kwa nani? Kijana anayeijua treni ya Madaraka, iliyoanza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka wa 2017, amewahi kuona sura mbili za baba. Yupo anayelala kuanzia Syokimau hadi Miritini, saa tano hivi, na mkewe akipambana na watoto watatu. Yupo pia anayempakata mdogo wao dirishani akimwonyesha ndovu wa Tsavo waliojipaka udongo mwekundu, mama akasoma kitabu chake au akalala. Matembezi yaliyo na baba wa kwanza ni heri yasiwepo.

Tena ni hapo dirishani ambapo wasomi wa Kiswahili wana deni. Mtoto huuliza: yule ni mnyama gani? Ndege yule anaitwaje? Mti ule wenye shina nene? Baba mwenye shahada ya Kiswahili hujibu ndovu, twiga, mbuyu, kisha maneno humwishia, akaingia Kiingereza na asirudi. Familia hiyo inaweza kuzungumza Kiswahili juma zima kuhusu kazi, karo na bei ya unga, lakini siku ya furaha ikabadilisha lugha. Mtoto hujifunza haraka: Kiswahili ni cha shida, Kiingereza ni cha raha. Hakuna kampeni ya lugha ya taifa itakayofuta funzo lililopatikana kando ya ziwa mtoto akiwa na miaka mitano. Yafaa kukumbuka kwamba kitenzi talii, ambacho kimezaa mtalii na utalii, hubeba maana ya kudurusu na kuchunguza kwa makini. Leo Mkenya akisikia mtalii humwona Mzungu mwenye kofia. Lugha iliyowapa walimwengu neno safari imewaachia wageni maana yake, wenyewe wakabaki na mizigo.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vinalo la kufanya, na si kuandaa kongamano jingine. Mtu angeandika mwongozo mfupi wa Kiswahili wa magofu ya Gede, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2024, unaoweza kusomwa na mama akiwa na watoto wawili chini ya mibuyu. Mtu angekusanya majina ya ndege kutoka kwa wavuvi na wawindaji wa zamani kabla hayajapotea. Mwingine angeandika hadithi fupi ambamo wanandoa wanakwenda mahali, wananyeshewa, wanakosana kidogo kuhusu njia, wanakula mihogo baridi, na basi. Wahariri wasimrudishie muswada wakimwambia kwamba hauna mgogoro.

Baadhi ya wasomaji wa kurasa hizi waliiona Lamu kwa mara ya kwanza kwa basi la chuo. Walivuka kutoka Mokowe kwa mashua wakiwa na madaftari, wakapita vichochoroni wakiwapisha punda, wakarekodi Kiamu vinywani mwa wazee, wakapiga picha milango ya nakshi. Wengine walianza kuchumbiana katika safari hiyo hiyo, juu ya sitaha, upepo ukipeperusha karatasi za utafiti. Wameoana sasa. Wanao watoto. Madaftari yale yamo sandukuni, na tangu siku ile hawajavuka tena mkondo wa Mokowe, si kwa kukosa nauli kila mwaka, bali kwa kuwa hakuna mhadhiri aliyewaorodhesha majina na kuwaambia basi litaondoka saa kumi na mbili asubuhi.